Kabla Hujaenda Kortini Kusema Umefilisika

SOMO LA WIKI
Maandiko ya kusoma: 2 Wafalme 4:1-7, Kumbukumbu la Torati 15:1-2, Mithali 6:1-5, Matendo ya Mitume 5:1-11



Mwezi uliopita, kwenye maombi ya Jumatano, nilisimama nikatoa ushuhuda kuhusu madeni yangu. Nilifikiri nitasema, nikae chini, na mambo yaishe hapo. Kumbe sivyo. Tangu siku hiyo watu kumi na mmoja wamenifuata, mmoja mmoja. Mwingine alinishika mkono pale senta tukingoja majani yapimwe. Mwingine alinisindikiza jioni mpaka kwa lango langu. Mmoja alinipigia simu saa nne usiku akinong'ona, ili mama watoto asisikie. Wote walitaka kujua jambo moja: "Mzee, mtu akienda kortini aseme amefilisika, inakuwaje?"

Mchungaji aliposikia hayo akaniambia niandike somo. Mimi si wakili. Ni mkulima wa chai hapa Boito, na ni mzee wa kanisa. Ninachoandika ni kile nilichoelezwa na wakili nilipombebea karatasi zangu ndani ya mfuko wa mbolea, na kile nilichokisoma baadaye katika Neno nikiwa na macho mapya. Mwenye shida yake akamwone wakili wake. Lakini asiende akiwa gizani kama nilivyokwenda mimi.

NILIVYOFIKA HAPO

Nilianza na mkopo wa sacco wa karo ya kijana wangu. Ndugu wanne walinidhamini, wote wa ushirika huu. Baadaye nikaweka hati ya shamba benki nikanunua pikapu, nikiamini itabeba mboga na mizigo ya watu na kujilipa yenyewe. Pikapu ikawa ya kukaa gereji. Nikaanza kuchukua mikopo ya simu ili kulipa mikopo mingine. Nilikuwa najiambia, "Oktoba bonasi ikija nitamaliza yote." Bonasi ikaja. Nyote mnajua bonasi za upande wetu zinavyokuwa. Haikutosha hata kuziba pengo la miezi mitatu.

Nyumbani sikusema. Kanisani nilikuwa naongoza maombi ya toba, na simu mfukoni inatetemeka kwa ujumbe wa wadai. Siku dalali alipofika kuandika orodha ya ng'ombe wangu, mke wangu alidhani ni daktari wa mifugo. Akamkaribisha chai.

Wiki hiyo nilipanda matatu hadi Kericho kumwona wakili. Nilikuwa nimeamua. Nilisikia kuna sheria ya kufilisika inayofuta madeni yote, nikasema niifuate nipumzike.

SWALI LA ELISHA

Wakili hakuanza na sheria. Aliniuliza, "Mzee, una nini, na unadaiwa nini?"

Nikajibu, "Nadaiwa kama milioni moja hivi." Akachukua kalamu. Tukatoa karatasi moja moja mfukoni. Benki, 900,000. Sacco, 520,000. Duka la vifaa vya ujenzi, 160,000. Watu binafsi, 135,000. Mikopo ya simu saba, 85,000. Akajumlisha akanigeuzia karatasi nisome. Milioni moja na laki nane. Miaka miwili nilikuwa nimebeba mzigo ambao sikuwahi kuupima.

Wapendwa, fungueni 2 Wafalme 4. Mjane wa mmoja wa wana wa manabii anamlilia Elisha kwa sababu mdai anakuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Angalia jinsi Elisha anavyoanza. Hamwombei kwanza. Anamuuliza ana kitu gani nyumbani. Mama huyo angeweza kusema hana kitu, akaishia hapo. Lakini akakitaja kile kidogo alicho nacho, chupa ya mafuta. Muujiza ukaanzia kwa kitu kilichotajwa. Na mwisho wake Elisha anamwagiza auze mafuta, alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa kinachobaki. Deni lililipwa. Halikupotelea hewani.

Sheria yetu ya Kenya nayo huanzia hapo. Ukitaka kutangazwa umefilisika kwa ombi lako mwenyewe, chini ya Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015, unapeleka ombi Mahakama Kuu pamoja na taarifa ya hali yako ya fedha: mali yako yote, wadai wako wote, unachopata na unachotumia. Unaapa kwamba ni kweli. Bila taarifa hiyo hakuna ombi.

MASWALI MNAYONIULIZA

1. "Je, nitafungwa kwa sababu ya deni?"

Kushindwa kulipa deni si jinai. Kenya imejiunga na mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa, na kifungu chake cha 11 kinakataza mtu kufungwa kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mkataba. Lakini msidanganyike. Kifungo cha madai, kile tunachoita "civil jail", bado kipo katika Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai, na kinaweza kufika miezi 6. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ilisema kifungo hicho hakivunji Katiba kikifuata utaratibu. Kinamhusu yule aliyeshindwa kesi, ana uwezo wa kulipa, na anakataa au anaficha mali. Mdaiwa hupewa nafasi ya kusimama mbele ya hakimu na kueleza umaskini wake. Kwa hiyo ukiitwa kortini, nenda. Anayejificha ndiye anayeonekana kama ana cha kuficha. Na hata ukifungwa, ukitoka deni bado lipo.

2. "Watachukua kila kitu?"

Ukitangazwa umefilisika, mali yako inaingia mikononi mwa msimamizi. Mara nyingi huyo ni Mpokezi Rasmi, afisa wa serikali anayeshughulikia wafilisi, au mtaalamu mwenye leseni. Yeye ndiye anayeuza na kugawia wadai. Sheria inakuachia vyombo muhimu vya nyumbani, nguo, na zana za kazi yako, kwa kiwango kilichowekwa. Haikusudii mtu alale chini na watoto. Tangu siku hiyo wadai wa kawaida hawawezi kuendelea kukufuata na kesi au dalali bila ruhusa ya mahakama. Simu zinanyamaza, na wote wanapeleka madai yao kwa msimamizi.

Lakini sikieni hili, maana mimi ndilo lililonimaliza nguvu: benki iliyoshika hati ya shamba haiko kwenye foleni hiyo. Mdai mwenye dhamana anabaki na dhamana yake. Kufilisika hakumzuii kuuza shamba. Kinachokulinda pale ni Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012: benki lazima itoe notisi ya miezi 3, kisha notisi ya siku 40 ya kusudio la kuuza, na dalali naye anatoa siku 45. Kwa mali inayohamishika kama ng'ombe, dalali huandika orodha na kukupa siku 7 kabla ya kuchukua. Hizo siku si za kulia tu. Ni za kwenda kuzungumza.

3. "Na mke wangu? Na shamba la baba?"

Kinachochukuliwa ni mali ya aliyefilisika. Mali ya mke aliyoipata mwenyewe ni yake. Mali mliyo nayo pamoja, fungu lako ndilo linaloguswa. Na nyumba ya ndoa haiwezi kuwekwa dhamana halali bila mwenzi wako kutia sahihi. Akina mama, mkiletewa karatasi jioni mkaambiwa "weka tu sahihi hapa, ni ya mbolea," someni kwanza. Akina baba, mwacheni mama asome.

Shamba ambalo bado liko kwa jina la marehemu baba si lako peke yako. Lakini ukirithi fungu lako ukiwa bado uko chini ya kufilisika, fungu hilo nalo linaweza kwenda kwa msimamizi. Usifikiri mlango wa urithi umefichika.

4. "Madeni yote yanafutwa?"

Hapana. Deni lililotokana na ulaghai halifutwi. Amri ya mahakama ya kutunza mtoto au mwenzi haifutwi. Mwanaume aliyekimbia kulea watoto asitafute kimbilio hapo, sheria imemfungia mlango, na Biblia ilishaufunga zamani.

5. "Nitakaa hivyo kwa muda gani?"

Miaka 3. Katika sheria ya zamani ya enzi ya ukoloni, Sura ya 53, aliyefilisika alipaswa kuomba mahakama imwachilie, na wengine walizeeka na jina hilo. Sheria ya sasa inasema unaachiliwa yenyewe miaka 3 baada ya kuwasilisha ile taarifa ya hali yako ya fedha, isipokuwa kama Mpokezi Rasmi au mdai amepinga. Oneni hesabu inaanza lini. Inaanza siku ulipoweka ukweli mezani. Mtu aliyefilisishwa na mdai wake, akakataa kuleta taarifa, saa yake haijaanza kutembea.

Katika miaka hiyo kuna mambo huwezi. Huwezi kuendesha kampuni kama mkurugenzi bila ruhusa ya mahakama. Huwezi kuwa mbunge wala mwakilishi wa wadi, Katiba imesema katika vifungu vya 99 na 193. Jina lako liko kwenye rejista ambayo mtu yeyote anaweza kuiangalia. Fedheha hiyo ipo, sitaki kuwadanganya.

6. "Kuna njia nyingine isiyofika huko?"

Zipo, na wengi hatuzijui. Sheria hiyohiyo ya 2015 ina njia tatu. Ya kwanza ni mapatano na wadai: unapeleka pendekezo la kulipa kupitia mtaalamu, na wadai wanapiga kura. Ya pili ni amri ya kulipa kidogo kidogo kwa awamu. Ya tatu ni ya mtu asiye na mali yoyote ya kuuza wala uwezo wa kulipa hata kidogo, ambaye hajawahi kufilisika, na deni lake lote si chini ya shilingi 100,000 wala halizidi milioni 4. Huyo akikubaliwa, anaachiliwa baada ya miezi 12.

Jaji naye ana macho. Mahakama zetu zimekataa maombi ya watu walioonekana wana uwezo wa kulipa ila wanakwepa. Na ukiletewa dai rasmi la kisheria na mdai anayetaka ufilisiwe, una siku 21 za kulipa, kupatana, au kulipinga kortini. Usiliweke chini ya godoro.

MAMBO MAWILI NILIYOYAPANGA GIZANI

Sasa niseme yale ambayo Jumatano sikuyasema.

Kabla ya kwenda Kericho nilikuwa nimepanga mambo mawili. La kwanza, nilitaka kuhamisha ng'ombe wanne kwa kaka yangu na kumwandikia kijana wangu nusu ekari, halafu ndipo niende kortini niseme sina kitu. Wakili aliponisikia aliweka kalamu chini. Akanieleza kwamba msimamizi ana mamlaka ya kurudi nyuma na kuangalia ulichogawa au kuuza kwa bei ya kutupa kabla ya kufilisika, na mahakama inaweza kukirudisha. Hata kumlipa mdai mmoja unayempenda na kuwaacha wengine kunaweza kutenguliwa. Na kuficha mali ni kosa la jinai. Hapo ndipo mtu wa deni anageuka mtu wa jela.

Nilirudi na matatu ya mwisho nikifikiria Anania na Safira. Tunapenda kuhubiri habari yao kwa mambo ya sadaka. Lakini someni vizuri Matendo 5. Petro anamwambia Anania kwamba shamba lilikuwa lake, na hata alipouza fedha zilikuwa mikononi mwake. Hakulaumiwa kwa kubakiza. Aliangamia kwa kuleta sehemu na kusema ndiyo yote. Mimi nilikuwa naenda kula kiapo mbele ya jaji kwamba haya ndiyo yote.

Jambo la pili lilikuwa baya zaidi, na sikulijua kama ni baya. Wakili aliniuliza, "Deni la sacco limedhaminiwa na nani?" Nikamwambia ni ndugu wanne. Akasema, "Mzee, korti ikikuachilia wewe, haiwaachilii wao. Mdhamini anabaki. Sacco itakata akiba zao."

Nilinyamaza. Mimi nilikuwa nakwenda kupumzika, na mzigo ungehamia kwa watu wanne ambao kosa lao ni kunipenda. Mithali 6 inamwambia mdhamini ajinyenyekeze, aende amsihi jirani yake, asilale usingizi mpaka ajiokoe kama paa mkononi mwa mwindaji. Siku zote nilikuwa nasoma andiko lile kama onyo la kutodhamini watu. Siku hiyo nililisoma nikiwa upande wa jirani. Mtu anayekosa usingizi katika andiko lile, mimi ndiye niliyemkosesha.

Kati ya wale wanne, mmoja ni mama mjane. Akiba yake ilikuwa ya kumpeleka binti chuo cha uuguzi. Niliahirisha kwenda kwake siku tatu. Siku ya nne nilienda na mke wangu, ambaye kufikia hapo nilikuwa nimeshamwambia yote. Tulimkuta anatoka kuchuna, kikapu bado mgongoni. Nikaanza kuzunguka, nikauliza habari ya mvua, nikauliza habari ya watoto. Akatua kikapu akasema, "Mzee, najua. Sacco waliniandikia tangu mwezi wa tatu. Nilikuwa nangoja uje."

Ilikuwa mwezi wa saba. Miezi minne mama yule alikuwa anakaa benchi la nyuma yangu kanisani, anasikia nikiomba, na anangoja nije. Hakuwa amemwambia mtu yeyote.

Sikuwa na maneno. Mke wangu ndiye aliyeongea. Tuliingia ndani, tukaweka ile karatasi ya wakili mezani, wanne wote wakaitwa jioni ile. Mmoja alikasirika sana, na alikuwa na haki yake. Hatukuimba wimbo wowote. Tulihesabu.

TULIKOFIKIA

Niliuza pikapu. Niliuza ng'ombe wawili na ploti niliyokuwa nimenunua Mogogosiek. Benki, tulipokwenda wenyewe kabla ya notisi kuisha, ilikubali kuongeza muda wa mkopo. Sacco ilipanga upya malipo, na yanakatwa kwenye malipo yangu ya majani kila mwezi. Mwenye duka nilimlipa nusu, tukaandikiana kwa nusu iliyobaki. Mikopo ya simu tuliimaliza mmoja mmoja, kuanzia ule mdogo. Waliokuwa wanapigia jamaa zangu simu kunitukana, nilikuja kujua kwamba kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zinawakataza wakopeshaji wa simu kutoa vitisho na kusumbua watu walio kwenye orodha ya simu ya mkopaji. Leo bado nadaiwa 410,000. Akiba ya yule mama haijakatwa hata shilingi. Binti ameanza chuo.

Kwa hiyo mimi sikufika kortini. Lakini msije mkasema mzee amefundisha kwamba kutangaza kufilisika ni dhambi au ni kukosa imani. Sikufundisha hivyo. Kumbukumbu la Torati 15 linaonyesha kwamba Mungu mwenyewe aliweka mwaka wa saba wa kuachilia madeni, kwa sababu alijua kuna mtu ambaye hata auze nini hatatoka. Mtu aliyeugua, aliyefukuzwa kazi, aliyedaiwa mara kumi ya vyote alivyo navyo, mlango ule uliwekwa kwa ajili yake. Apite akiwa ameinua kichwa. Neno langu ni kwamba mlango ule hauna giza ndani yake. Ukipita unapita na kila kitu mkononi, kinaonekana. Na kabla ya kupita, geuka nyuma uone ni nani umemwacha ameshika deni lako, umwendee kwa miguu yako asikie kutoka kinywani mwako.

YA KUFANYA WIKI HII

Kama uko katika hali hiyo, anza hivi:

- Mwambie mwenzi wako kabla ya kumwambia wakili.
- Andika kila deni kwenye karatasi moja: jina la mdai, kiasi, tarehe, na kama kuna dhamana au mdhamini. Hata zile elfu mbili za simu.
- Andika kila mali, hata ile unayoona aibu kuitaja.
- Weka barua na notisi zote pamoja. Angalia tarehe, maana siku zinahesabiwa.
- Usihamishe mali kwa jina la mtu. Usikope ili kulipa. Usimlipe mtu wa njiani anayesema atakufutia jina CRB.
- Waendee wadhamini wako wote.
- Kisha mwone wakili. Mahakama Kuu ziko Bomet na Kericho, si lazima ufike Nairobi. Asiye na uwezo aulize kuhusu msaada wa kisheria wa serikali, uliowekwa na sheria ya mwaka 2016.

Na sisi tusiodaiwa, au tunaosema hatudaiwi: tuache kufanya deni la mtu kuwa habari ya senta. Watu wengi wanaficha kwa sababu wametusikia tukicheka wengine. Pia tusimsukume mtu aahidi mchango ambao tunajua ataukopa. Mungu hakuomba sadaka ya mkopo wa simu.

MASWALI YA KUJADILI KWENYE VIKUNDI VYA NYUMBANI

1. Kwa nini Elisha alimuuliza mjane kile alicho nacho kabla ya kumwambia la kufanya?
2. Kuna tofauti gani kati ya mtu aliyeshindwa kulipa na mtu anayekataa kulipa? Kanisa liwatendeeje kila mmoja?
3. Umewahi kudhaminiwa? Mdhamini wako anajua deni limefika wapi leo?
4. Ndugu akija kwako usiku huu aseme "nimefilisika," neno lako la kwanza litakuwa lipi?

TUOMBE

Baba, tumekuja mbele zako na mikono iliyofunikwa. Tupe ujasiri wa kuifunua. Wakumbuke walioshika mizigo yetu kimya na hawakututaja kwa mtu. Tufanye tuwafikie kabla hawajachoka kungoja. Walio na deni wape njia ya kulipa, na walio na wadaiwa wape moyo wa kusikiliza. Katika jina la Yesu, Amina.